Mpendekezee Kitabu Mpaka Akome

Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Bando likimwishia, na huisha mapema, ndipo anapokumbuka kwamba ana mjomba mwenye kabati la vitabu. Jioni moja alikuja, akavua ndala mlangoni, akakaa mkekani.

"Shikamoo mjomba. Naomba kitabu. Cha majini majini hivi, au cha mambo ya anga. Ila kiwe chepesi."

Ombi lenyewe halikuwa na kona. Mtu asiye na utaalamu angeinuka, akamletea kitabu chepesi cha majini, wakaagana. Mimi nilivua miwani, nikaifuta kwa ncha ya shati, nikamuuliza: "Unaposema majini, una maana ya fantasia ya falme au fantasia ya mjini?"

Alitoka kwangu saa tatu usiku. Mkononi ana Dune, usoni ana sura ya mtu aliyetumwa kiberiti akarudi na jiko la mkopo. Tangu siku hiyo hajaniomba kitabu. Tukikutana njiani ananiamkia haraka haraka, kisha anakumbuka ameitwa na mama yake.

Nimeyatafakari mafanikio hayo, nikaona ni uchoyo kuyafungia ndani. Mwongozo huu ni kwa wote wanaoulizwa "nisome nini?" na wangependa wasiulizwe tena.

Kanuni mama: usimuulize mtu anapenda nini. Hayo ni maswali ya muuza viatu, anayepima mguu kwanza. Wewe una kiatu kimoja, namba yako, umekivaa miaka ishirini. Asiyeenea akunje vidole. Kama anapenda hadithi fupi, mpe mfululizo. Kama amefiwa, mpe kile ambacho dunia inaisha ukurasa wa tatu. Akisema hapendi vita, mwambie hii ni siasa, halafu mpe vita.

Akijaribu kujitetea, mzibe mdomo kwa sentensi ambayo kila bingwa wa fani hii anaijua: "Vumilia kurasa mia za mwanzo." Iseme kwa upole, kama nesi aliyeficha sindano mgongoni. Usimkumbushe kwamba kuna riwaya za Kiswahili ambazo kwa kurasa mia zimeshaanza, zimekwisha, na mwalimu ameshatoa swali la insha.

Kwa mfululizo dawa ni ileile, dozi tu inaongezeka: "Kitabu cha nne ndipo moto unapowaka." Silaha nzito hapa ni The Wheel of Time ya Robert Jordan. Kitabu cha kwanza kilitoka 1990, cha kumi na nne 2013, na katikati hapo, mwaka 2007, mwandishi mwenyewe alifariki hadithi ikiwa haijaisha. Ikabidi aitwe Brandon Sanderson kuimalizia. Mpe mtu hadithi ambayo umri wa mwenyewe haukuitosha, kisha ushangae akikwama kwenye cha pili. Au mpe George R. R. Martin. Kitabu chake cha tano cha ile hadithi ya kugombea kiti cha enzi kilitoka 2011, na cha sita bado kinasubiriwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa yuko sekondari, ana mitihani yake mwenyewe.

Kwa Martin kuna na faida nyingine, nayo ni kummalizia mwenzako utamu. Sisi tuliokulia kibanda umiza tulifundishwa sheria moja: steringi hafi. Atapigwa risasi nne, ataanguka kutoka ghorofani, atazikwa na kaburi litafukiwa, lakini hafi, maana akifa filamu itaendelea na nani? Mwaka 1996, kwenye kitabu cha kwanza kabisa, Martin aliivunja sheria hiyo, na mshtuko ule msomaji huupata mara moja tu maishani. Kwa hiyo uwahi. Msubiri mwenzako afike katikati, umuulize: "Vipi, umefika pale steringi anapokatwa kichwa?" Akikodoa macho, ongeza: "Aa, basi. Sijasema kitu."

Sasa tuje kwenye elimu ya mipaka, ambayo ndiyo inayomtenga bingwa na yule msomaji wa kawaida anayesoma kwa sababu tu anafurahi. Mtu akisema anapenda "vitabu vya ajabu ajabu," mkatize. Fantasia ni kitu kimoja, bunilizi ya kisayansi ni kingine, na anayezichanganya hajasoma. Mueleze mpaka huo kwa dakika arobaini, ukichora hewani kwa kidole.

Ila usiufundishe mbele ya bibi. Mimi niliufundisha, uani, siku ya arobaini ya ndugu yetu mmoja, watu wakiwa wamejaa na pilau haijaiva. Nilisema fantasia ni mambo ya uchawi, na bunilizi ya kisayansi ni mambo ya vyombo na mitambo. Bibi alikuwa anachambua mchele. Bila kuinua macho akauliza:

"Na ungo uko wapi hapo, mjukuu wangu?"

Nikasema ungo ni uchawi, bibi.

"Una rubani?"

Unaye.

"Unatoka Bagamoyo unafika Sumbawanga na kurudi kabla ya adhana ya alfajiri?"

Ndivyo wanavyosema.

"Ukiishiwa nguvu unaanguka juu ya bati la mtu, watu wanajaa kutazama?"

Nikakubali. Habari hizo tumezisikia sote, na sijawahi kusikia mtu wa mtaa wetu akiuliza injini ilikuwa ya aina gani.

"Basi hicho ni chombo," akasema, akapeta, pumba zikaruka upande wangu. "Na lile dubwana mlilopachika juu ya paa la kuvutia mpira wa Ulaya mnaliitaje?"

Tunaliita ungo. Somo likaishia hapo.

Dune nayo ina adabu zake. Bingwa haitaji bila kutaja kisa chake: kwamba Frank Herbert alikataliwa na wachapishaji wengi, hadi mwaka 1965 muswada wake ukachukuliwa na Chilton, kampuni iliyojulikana zaidi kwa vitabu vya kutengeneza magari. Kisimulie kila mara kama vile ulikuwepo, umeshika spana. Kisha soma majina kwa sauti, kwa lafudhi uliyoiokota kwenye filamu: Muad'Dib, Mahdi, Lisan al-Gaib.

Nilifanya hivyo siku moja barazani, Tanga, na mzee mmoja anayesomesha watoto Kurani akainua kichwa kwenye bao. "Lisani ya ghaibu," akasema, kama mtu anayemsahihisha mwanafunzi. "Na huyo Mahdi wao ni yuleyule wetu?" Nikamweleza: kuna sayari ya mchanga mtupu, kuna watu wa jangwani wanaomsubiri mwokozi, kuna nyungunyungu mkubwa kuliko treni. Alisikiliza mpaka mwisho, kete mkononi. "Huyo Mzungu kapita chuoni," akasema, "ila katoroka kabla hajahitimu." Nimesoma maelezo marefu juu ya Dune na Kiarabu chake, hakuna lililonikaa kama hilo. Tena lilitolewa na mtu asiyekisoma kitabu, jambo ambalo kwa kanuni za mwongozo huu ni sifa.

Kuna vitabu vinavyojipendekeza vyenyewe kwa Mswahili. Hivyo viepuke. Binti, ya Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, ilitoka 2015 ikatwaa tuzo mbili kubwa za fani hii, Hugo na Nebula. Ni nyembamba, unaimaliza alasiri moja, na jina lake halitaki kamusi. Hatari tupu. Nilijaribu kumsimulia shangazi yangu.

"Kinaitwaje?"

"Binti."

"Binti nani?"

"Binti tu, shangazi. Ndilo jina lake."

"Mtu hawezi kuitwa Binti akaachwa hivyo hivyo. Binti Saidi. Binti Juma. Huyu hana baba?"

Nikamwambia anaye, na jina lake kamili ni refu, limebeba ukoo na nchi yao ya Namib mwishoni. Akatulia kidogo. Nikaendelea: ni msichana wa Kihimba, hodari wa hesabu, amepata nafasi chuo kikuu kilichoko sayari nyingine. Anajipaka udongo mwekundu wa kwao, anatoka nyumbani gizani bila kuaga, anapanda chombo cha angani ambacho chenyewe ni mnyama, kina uhai. Nilikuwa nimejiandaa kueleza inawezekanaje chombo kikawa na uhai. Shangazi hakuwa na shida na hilo.

"Kaondoka bila kuaga?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mama yake kalala?"

Alinifuata hadi jikoni kuuliza kama huyo msichana alipofika alipiga simu nyumbani. Umeona sasa balaa lake: mtu ameshaingia ndani ya hadithi, amevua na viatu, na wewe hujafika hata kwenye zile tuzo.

Itafika siku mtu atauliza: na za Kiswahili je? Usibabaike. Shusha pumzi, tikisa kichwa kwa huzuni, useme: "Kiswahili bado hatujafika huko." Waliopo watatikisa vichwa pamoja nawe. Sentensi hii ina usalama mkubwa, kwa sababu wengi waliosoma Kusadikika waliisoma kwa ajili ya mtihani, wakiwinda dhamira na tamathali za semi, na hakuna aliyepewa nafasi ya kugundua kwamba nchi yenyewe inaelea angani. Shaaban Robert aliitoa 1951. Juzuu ya kwanza ya The Lord of the Rings ilikuwa bado miaka mitatu. Mwaka 1952 akatoa Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wanageuka manyani. Yote hayo tuliyaandika kwenye daftari chini ya kichwa cha habari "Maudhui."

Akitokea mjuaji akataja Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anatiwa kwenye chombo cha angani na kutua kwenye dunia nyingine, mjibu: "Ile ni ya siasa." Akitaja Nagona ya Kezilahabi, 1990: "Ile ni falsafa." Bina-Adamu! ya Wamitila, 2002: "Ile ni ya utandawazi." Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ambamo babu aliyekwisha kufa anarudi kumwandama mjukuu wake: "Ile ni taswira." Kitabu cha Kiswahili kikiwa na mzimu, mzimu huo ni ishara ya kitu kingine. Cha Kizungu kikiwa na mzimu, ni mzimu.

Ukibanwa zaidi, sema Waswahili na anga wapi na wapi. Usitaje Uhuru, setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaenda kuzitazama nyota kwa eksirei, na ikapewa jina hilo kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru. Habari za kweli huharibu mazungumzo ya aina hii.

Hapa niungame kosa. Niliwahi kumpendekezea mtu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960, kama fantasia, kwa kuamini jina. Mzimu wenyewe ni mahali, na kazi yote inafanywa na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, kwa kutumia akili tu. Yule mtu alikimaliza kwa siku mbili, akaja kunishukuru. Nilikosea mara mbili.

Na kwa kuwa tumeitaja Kusadikika: mle ndani kuna onyo kwa wote wenye kazi hii. Wajumbe sita wanatumwa pande sita, kila mmoja anarudi na mapendekezo ya kuifaa nchi, na kila mmoja anatiwa gerezani. Mwalimu wetu alisema dhamira ni dhuluma ya watawala, na kwenye mtihani nikaandika hivyo nikapata alama. Ila sasa nimekuwa mtu mzima, na nina wasiwasi kwamba angalau mmoja wao alianza kwa kusema, "Vumilieni kurasa mia za mwanzo."

Swali la vitabu hivi vinapatikana wapi lipige chenga. Kipya dukani bei yake inakaribia nusu gunia la mkaa, na wengi wetu tumesomea chini: Posta, juu ya turubai, kati ya vitabu vya uhasibu vya 1987 na Biblia isiyo na Mwanzo. Wenzetu wa Nairobi duka la namna hiyo wanaliita inama, kwa kuwa hununui bila kuinama. Mitumba ya vitabu ina tabia moja: haileti cha kwanza. Italeta cha pili, italeta cha tano, italeta cha tisa kilicholoa, lakini cha kwanza kuna mtu Ulaya anakufa nacho.

Hivyo ndivyo nilivyonunua The Two Towers, mwaka niliomaliza chuo, jalada halipo, kurasa zinanuka ghala. Ni juzuu ya pili ya The Lord of the Rings. Unaifungua unakuta watu wanakimbia, mmoja anakufa papo hapo, wawili wametekwa, na wote wana majonzi ya mzee fulani aliyetumbukia shimoni ambaye mimi naye hatujawahi kuonana. Nikaisoma hivyo hivyo, kama mtu aliyeingia kwenye msiba usio wake akapokelewa na sahani. Juzuu ya kwanza nilijitungia mwenyewe, jioni baada ya jioni, nimesimama kwenye daladala la Mbagala, mkono mmoja bombani. Miaka sita baadaye niliipata ile ya kweli, nikaisoma, nikasikitika kidogo. Yangu ilikuwa na bahari.

Na katika miaka yote hiyo sita, nikiwa sina ya kwanza wala ya tatu, nilikuwa napendekezea watu seti nzima. Mtu akinilaumu kwa nini nasifia Wazungu tu, nilikuwa na kinga: mwandishi wake, Tolkien, alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Kwamba aliondoka akiwa na miaka mitatu, hilo hakuna aliyeniuliza.

Mengine ni madogo madogo. Filamu ikitoka, sema kitabu ni kizuri zaidi. Si lazima uwe umekisoma. Kitabu kisiwe kamwe "kizuri kiasi": ama kimekubadilishia maisha, ama ni hasara kwa miti ya Mufindi. Ukimkuta mtu anakifurahia kitabu, mwambie na wewe ulikifurahia, ukiwa darasa la sita. Na ukishapendekeza, fuatilia. "Umefika ukurasa wa ngapi?" Muulize kwenye foleni ya benki, muulize msibani, muulize mbele ya mkwewe.

Utakuwa umegundua kwamba mwongozo huu wote haujafika mahali pa kumpa mtu kitabu mkononi. Sijasahau. Kupendekeza hakuna gharama, kuazimisha kuna gharama, na bingwa hachanganyi mambo hayo mawili. Mpwa wangu nilimpa Dune kwa sababu ninazo mbili.

Mara moja tu nilijisahau. Ilikuwa Jumamosi, nafagia uwanja, akapita kijana wa nyumba ya tatu, akaniamkia, akauliza kama kuna kitabu cha Kiswahili cha mtu kwenda sayari nyingine, maana yeye hajawahi kukiona. Nilijikuta nimeshaweka ufagio chini, nimeingia ndani, nimetoka na Walenisi. Sikumwambia mwandishi ni nani, sikumwambia siasa, sikumwambia mwaka. Alikishika kwa mikono miwili, akasoma jina polepole, silabi moja moja. Akarudia. Kisha akacheka peke yake. "Wale ni sisi," akasema. "Si ndiyo, anko?"

Mimi nilihitaji kitabu kizima kuliona hilo. Aliondoka akisoma huku anatembea, nusura aingie mtaroni.

Huu ni mwaka wa tatu. Nasikia familia yao ilihamia Dodoma. Kijana, kama haya yamekufikia: nakala ni ile ambayo jalada limeshikwa na selotepu, jina langu liko ukurasa wa kwanza kwa wino wa buluu, na karibu na katikati kuna doa la chai ya tangawizi. Doa ni langu, usihangaike nalo. Mpe kondakta wa basi lolote linalokuja Dar, nitamfuata stendi. Na kama umempa mwingine, basi nitajie jina lake tu. Sitamuuliza amefika ukurasa wa ngapi.